Vitu vya Nyumbani na Kuvipatia Kazi ya Pili

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia vilivyomo ardhini vyote kwa manufaa yetu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Mwezi uliopita, baada ya darsa ya Alasiri, alitujia mtu mmoja katika ndugu zetu, mtu wa makamo, mwenye kazi yake na heshima yake mtaani, akatuomba tumsikilize faraghani. Alisema kwamba mkewe ana mazoea ya kutotupa kitu. Kopo la maziwa likiisha huoshwa likawekwa. Chupa ya siki huoshwa ikawekwa. Leso ikipasuka hukatwa vipande. Gunia la mchele hufumuliwa nyuzi zake zikaviringwa. Na hata vifuu vya nazi ambavyo majirani huvipeleka jaani, yeye huviokota. Ua wa nyuma umejaa, na wageni wakija yeye mume huona haya. Siku moja ulimi ukamtangulia, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatakula chakula kilichopikwa katika nyumba ile mpaka takataka zile zitoke zote. Mkewe akamjibu kwa upole kwamba zile si takataka bali ni mali, na kwamba kuzitupa ni israfu. Tangu siku hiyo, na zilikuwa zimekwisha pita siku tisa, mtu huyu alikuwa akila mikahawani, mkewe amenyamaza, na watoto wanauliza. Basi akatuuliza: Nani mwenye haki, mimi au yeye? Na kiapo changu nikifanyeje?

Tulimjibu siku ile ile kwa ufupi, kwani mwenye kuzozana na mkewe hafai kungojeshwa. Lakini tulipokaa katika duru yetu tukayazungumza, tuliona kwamba mas-ala haya si ya nyumba moja. Wengi wetu tumeingia katika kosa la mume yule, na wachache katika kosa la mke yule, wala hatuulizi. Kwa hivyo tumeona yafaa kuyaandika.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israa, amewataja wenye kufuja mali kuwa ni ndugu za mashetani; na katika Suratul Furqan amewasifu waja wake kwamba watoapo hawapiti mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali hukaa katikati ya hayo mawili. Watu wetu wakisikia maneno haya, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye arusi kubwa, na ngoma za siku saba, na dhahabu ya kuazima. Ni kweli, hayo ni katika israfu, na tumekwisha yasema mara nyingi mpaka wengine wamechoka kutusikiliza. Lakini aya haikutaja arusi. Kitu chenye manufaa, kikubwa au kidogo, kikitupwa na mwenye kukijua manufaa yake, hiyo ni mali iliyofujwa, ijapokuwa ni kipande cha kamba.

Mtu atasema: je, dini imeingia mpaka katika makopo na matambara? Naam, imeingia. Na atazame nyumba ya Mtume (S.A.W.) na nyumba za masahaba wake aone mambo yalivyokuwa.

Usiku wa Hijra, Mtume na Sayyidna Abubakar walipokuwa wakitayarishiwa masurufu ya safari, mfuko wa chakula na kiriba cha maji vilikosa cha kufungia. Bibi Asmaa, binti Abubakar, aliufungua mshipi wake wa kiunoni, akaupasua mapande mawili, akafungia kwa pande moja chakula na kwa la pili kiriba. Kwa ajili hiyo akaitwa Mwenye Mishipi Miwili mpaka leo. Na katika Sahihi ya Imam Bukhari imekuja kwamba miaka mingi baadaye watu wa Sham walikuwa wakimcheka mwanawe, Abdallah bin Zubeir, kwa jina hilo, wakidhani ni jina la kumtia aibu. Na mamake akamweleza mwanawe mishipi hiyo ilikuwa ni nini na ilifunga nini. Na ifikirini hadithi hii, ndugu zetu. Kitambaa kilichopasuliwa kilikuwa ni utukufu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kwa watu wajinga kilikuwa ni kichekesho. Nani katika hao wawili tumfuate?

Tena Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha, akalitundika nyumbani. Mtume (S.A.W.) aliporudi safari akaliona, alichukizwa nalo, akaliondosha. Hakulichoma, na Bibi Aisha hakulitupa. Alilikata akafanya mto mmoja au miwili ya kuegemea. Kitambaa kile kile kilichokatazwa kutundikwa na kutukuzwa, kikawa halali kukaliwa. Hakika hiyo ndiyo fikihi ya nyumba, na mwanamke ndiye aliyeitenda.

Na siku ya Uhud, Mtume (S.A.W.) alipojeruhiwa usoni, Sayyidna Ali alikuwa akileta maji kwa ngao yake, na Bibi Fatima akiosha damu. Alipoona maji hayaizuii damu ila yaizidisha, alichukua kipande cha mkeka akakichoma, akaubandika ule jivu juu ya jeraha, damu ikakatika. Ngao ilikuwa ni ya kukinga panga, ikawa ndoo; mkeka ulikuwa ni wa kukalia, ukawa dawa. (Hatusemi kwamba leo mtu akijikata aende akatie jivu, leo tuna bandeji safi na hospitali, na hivyo ndivyo vilivyopo mkononi mwetu kama mkeka ulivyokuwa mkononi mwao. Tusemalo ni kwamba hakukaa akalia kwa kukosa dawa iliyo mbali hali mkeka uko karibu.)

Lakini hadithi iliyo wazi kuliko zote katika mlango huu ni ile ya mbuzi au kondoo aliyekuwa wa mtumwa huria wa Bibi Maimuna. Mnyama huyo alikufa mzoga, akatupwa. Mtume (S.A.W.) akapita akamwona, akawauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakasema huyo ni mzoga. Akawajibu kwamba kilichoharimishwa ni kumla tu. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Basi ikiwa mzoga, kitu cha najisi, Mtume hakuridhika utupwe hali una manufaa ndani yake, yatakuwaje makopo masafi?

Na hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwani hadithi hii yatugusa sisi wenyewe kila mwaka. Siku ya Idi ya Kuchinja, katika miji yetu ya pwani, huchinjwa wanyama wengi wa udh-hiya. Nyama hugawanywa, alhamdulillahi. Lakini ngozi huenda wapi? Tumeziona kwa macho yetu, zimetupwa majaani zikioza, mbwa wakizivuta njiani siku ya pili ya Idi. Wengine, ambao waona haya kuzitupa, humpa mchinjaji kuwa ni ujira wake, na hilo ni kosa jingine; kwani Sayyidna Ali ameeleza kwamba Mtume alimwamrisha agawe nyama na ngozi na matandiko ya wale ngamia aliowachinja, wala asimpe mchinjaji kitu katika hivyo kuwa ni ujira. Mchinjaji apewe pesa zake kutoka mfukoni. Ama ngozi, mwenye udh-hiya yaruhusiwa kuitumia mwenyewe, au kuitoa sadaka, asiiuze. Na kuitengeneza si kazi ya ajabu. Ichunwe pasi kutobolewa, ikwanguliwe mafuta na nyama, ipakwe chumvi nyingi siku hiyo hiyo kabla jua halijaiharibu, kisha ilowekwe katika maji ya magome yenye ukali. Pwani yetu hii zamani ikipakia magome ya mikoko kwenda ng'ambo, kwa watengenezaji ngozi wa huko, nasi hatukuweza kuitengeneza ngozi ya kondoo mmoja! Leo mikoko ina ulinzi wake na haikatwi ovyo, na kuikata ovyo ni uharibifu. Lakini yako magome mengine, na wako mafundi. Msala wa ngozi ya kondoo wa Idi hudumu miaka mingi.

Wazee wetu waliyaelewa haya pasi na kuandikiwa. Tazama mnazi. Dafu hunywewa, nazi hukunwa, tui hukamuliwa, na chicha inayobaki haikuwa ya kutupwa: kuku walipewa, na vyungu vilisuguliwa kwayo, na mikono iliyonuka samaki ilioshwa. Kifuu kikitiwa mpini huwa upawa wa mchuzi, au kata ya kuchotea maji mtungini. Kikivunjika huwa kuni, na moto wake ni mkali. Makumbi yalifukiwa katika tope la ufukweni mpaka yakaoza, yakapondwa, yakatoka usumba, na usumba ukasokotwa kamba; na kwa kamba hiyo ya nazi ilishonwa mitepe ya visiwa vya Lamu, ambayo mbao zake hazikuunganishwa kwa misumari. Makuti yaliezeka, na njiti zake zilifunga ufagio wa chelewa. Mtu aliyekuwa na minazi mitatu alikuwa na duka zima nyumbani kwake.

Na leso pia. (Ndugu zetu wa Unguja huiita kanga.) Yasemwa kwamba asili yake ni vitambaa vya mkono vilivyokuja na Wareno, wanawake wa pwani wakavishona pamoja ikawa vazi, basi leso yenyewe ni mtoto wa akili hii tuisemayo. Ikiwa mpya huvaliwa kwa kutokea. Ikizoeleka huvaliwa jikoni. Kisha huwa mbeleko ya mtoto, kisha winda lake, kisha kitambara cha kushikia sufuria, na pindo lake likawa uzi wa kufungia mfuko. Tukihesabu kazi zake mpaka ya mwisho twaona kwamba leso moja yatumikia umri wa mtoto tangu kuzaliwa mpaka aingie chuoni.

Na debe lililokuja na mafuta ya taa likawa ndoo ya maji, likawa kipimo cha nafaka sokoni, likakunjuliwa likaezekea banda. Kopo dogo likatiwa utambi likawa kibatari, na watu wengi walioko leo katika kazi kubwa walisoma Kurani kwa mwanga wake.

Sasa tumepatwa na nini? Tumepatwa na haya isiyokuwa mahali pake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tumekuwa watu wa kununua kidonda. Sinia ya shaba ya bibi, iliyofanya weusi kwa kukaa, huuzwa kwa mpita njia kwa bei ya vyuma vikuukuu, hali ndimu na chumvi, au ukwaju kidogo uliolowekwa, vingeisugua ikang'aa kama siku ilipotoka kwa fundi. Birika lililoganda chokaa ndani kwa ajili ya maji yetu ya visima hutupwa, hali siki ikichemshwa humo kidogo ile chokaa huachia. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mtu huondoa makochi yake mazima akachukua mengine kwa malipo ya mwezi mwezi, na ikifika Idi hana cha kuwanunulia watoto nguo. Usiache mbachao kwa msala upitao: neno hili tulifundishwa tukiwa wadogo, na mbacha ndio wa kwanza kutupwa.

Mwaka 2017, tarehe 28 Agosti, sheria ya Kenya ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea ilipoanza kutumika, tulisikia malalamiko mengi, hata katika sisi wenyewe: tutabebea nini? Vikapu vya miyaa vya mama zetu vilikuwa vimetundikwa misumarini vikitungoja. Na huko Lamu mafundi waliunda jahazi zima, Flipflopi kwa jina, kwa plastiki iliyotupwa, wakalipamba ubavu wake kwa ndara kuukuu zilizookotwa. Likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Ndara ambazo bahari ilituregeshea zikatweka tanga. Mwenye kuona kwamba kopo halina kazi ya pili, na ayafikiri hayo.

Basi je, tumempa haki yote mke yule? La. Tusingekuwa waadilifu, kwani jambo hili lina mipaka, na wenye kujisifu kwa kutotupa kitu mara nyingi huivuka.

Mpaka wa kwanza ni udanganyifu. Kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, ambalo sokoni huitwa gorogoro, limekuwa kipimo cha mahindi na maharagwe na mchele. Hilo lenyewe ni zuri, kwa kuwa maskini asiyeweza kununua gunia anunua kopo. Lakini wako wauzaji ambao hulibonyeza kitako likaingia ndani, au hulibana mbavu kwa nyundo, wakapima kwalo, wakaita huo ujanja wa biashara. Huu ndio ujanja uliolaaniwa. Ipo sura nzima ya Kurani iliyofunguliwa kwa ole wa wapunguzao vipimo, ambao wakipimiwa wao hutaka kikamilifu, na wakiwapimia watu hupunguza. Na Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akaikuta mbichi kwa ndani, akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Kitako cha kopo kilichobonyezwa hupunguza labda konzi moja ya mahindi. Lakini konzi hiyo ni ya mama aliyekuja na shilingi zake za mwisho, na muuzaji aijua, na Mwenyezi Mungu aijua. Hatukutaja soko wala mtu. Kila muuzaji atazame kopo lake.

Mpaka wa pili ni madhara, kwani Mtume wetu amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Hapa twataka kina mama watusikilize vyema. Chupa ya soda ni chombo kizuri cha kutilia maji, au siki, au asali. Lakini si cha kutilia mafuta ya taa. Tulikwenda hospitali siku moja kumzuru mtoto wa jirani yetu, umri wake miaka miwili, aliyeiona chupa chini ya meza akadhani ni kinywaji alichokizoea. Mamaye kwa fazaa alimtapisha, na kutapisha huko ndiko kulikozidisha balaa, kwa kuwa mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni. Mtoto alipona, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, baada ya siku nyingi za kuhemea. Mwenye kupatwa na jambo hili asimtapishe mtoto. Amkimbize hospitali na ile chupa mkononi. Na mtungi uliotiwa dawa ya wadudu au ya panya hauna kazi ya pili kabisa, hata ukioshwa mara saba. Wala plastiki haifai kuwashia jiko la makaa, ingawa yashika moto upesi, kwani moshi wake ni sumu, na anayeuvuta ni yule mwenye kuinamia jiko. Wala haifai kufunikia wali unaokauka motoni. Na siki na ndimu, tulizozisifu sasa hivi kwa kusafisha, zisichanganywe hata kidogo na dawa ya kung'arishia nguo ambayo watu huiita jiki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma koo na kifua, khasa katika vyoo vyetu visivyo na madirisha.

Tena kuna mbu. Makopo yaliyowekwa uani midomo juu hujaa maji ya mvua, na katika maji hayo machache masafi ndimo mbu wa chikungunya na dengi anamotaga. Huyo si mbu wa usiku tu tuliyemzoea. Yeye huuma mchana. Lamu ilipatwa na chikungunya mwaka 2004 mpaka watu wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo, na Mombasa ilipatwa na dengi mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Kopo lisilofudikizwa ni nyumba ya adui huyo. Hapa mume alikuwa na hoja, lau angaliisema kwa hoja badala ya kuisema kwa kiapo.

Mpaka wa tatu ni heshima. Gazeti kuukuu hufungia bajia na samaki, na hakuna ubaya. Lakini karatasi iliyoandikwa aya, au jina la Mwenyezi Mungu, hata tangazo la maulidi au la khitma, hiyo haifungii kitu, wala haifutii kioo, wala haitandikwi kabatini chini ya viatu. Ichomwe au ifukiwe mahali safi. Na mkeka wa msikiti uliochakaa haupelekwi nyumbani na mwenye kuutaka, kwani ni wakfu; msimamizi ndiye mwenye kuutazamia njia.

Na kuna kazi nyingine ya pili ambayo watu huvipa vyombo vya nyumbani, wala haina asili katika akili wala katika sharia: ufagio ukasimamishwa nyuma ya mlango ili mgeni aondoke, kisu kikalazwa chini ya mto wa kichanga kuzuia mashetani. Hilo la kisu khasa latutisha, kwani hatujui ni shetani gani mwenye madhara kwa mtoto kuliko kisu.

Mpaka wa mwisho ndio uliomhusu mke yule zaidi. Kitu kilichowekwa kikangoja kazi ambayo haiji, hakikuokolewa. Kimehama tu kutoka jaani kuja uani. Bibi Asmaa hakuwa na sanduku la mishipi iliyopasuliwa. Alikuwa na mshipi mmoja, na haja ilipokuja aliutumia. Tulimwambia mume amfikishie mkewe, kwa maneno mazuri, achague: atakachokitumia mwezi huu akiweke, na ambacho jirani ana haja nacho ampe, na kilichobaki kiende kwa wanunuzi wa chupa na vyuma. Wala hatukupenda kuingia katika suala la nani mwenye kopo, aliyeyanunua maziwa au aliyelikosha. Nyumba inayofikia kuulizana hilo ina maradhi mengine.

Ama kiapo. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba mwenye kuapa juu ya jambo, kisha akaona jingine ni bora kuliko hilo, na atende lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Na kula chakula cha mkewe pamoja na watoto wake bila shaka ni bora kuliko kula mkahawani kwa ghadhabu. Kafara imetajwa katika Suratul Maida: kuwalisha maskini kumi kwa wastani wa chakula cha nyumbani, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza ndipo afunge siku tatu. Wengi wetu tukivunja kiapo hukimbilia kufunga, kwa kuwa kufunga hakutoi pesa. Hilo halijuzu kwa mwenye uwezo. Mtu huyu alikuwa na uwezo. Katika madhehebu yetu ya Shafii kila maskini hupewa kibaba kimoja cha chakula cha mji, nasi tulimwambia atoe robo tatu ya kilo ya mchele kwa kila mmoja ili awe na yakini.

Tukamwambia na la ziada. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani kwake, akasema kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake; na imepokewa kwamba akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake. Basi na yeye, badala ya kuona haya kwa wageni, atafute mbao ampigie mkewe rafu, vitu vikae kwa mpango na midomo yao ikitazama chini.

Alirudi Ijumaa ya pili, baada ya sala. Alikuwa amekula nyumbani. Alisema alipomweleza mkewe habari ya kafara, mke aliingia ndani akatoka na makopo kumi ya maziwa, masafi, yenye vifuniko, akampimia mchele humo, naye mume akayapeleka mwenyewe kwa nyumba kumi za maskini. Makopo mawili yalirudishwa. Manane hayakurudi, na mama huyo hakuyadai.